Chati ya saa au lenzi ya Jackson: ipi isahihishe astigmatizimu?

Astigmatizimu ni kasoro ya jicho kukunja mwanga kwa nguvu isiyolingana katika pande tofauti. Chati ya saa ina mistari inayotawanyika kutoka katikati, yenye namba kama za uso wa saa kwenye ncha zake. Jicho hutiwa ukungu kwanza kwa lenzi chanya, kisha mgonjwa hutaja mstari ulio wazi kuliko mingine. Zidisha namba ndogo ya mstari huo kwa 30, unapata mhimili (mwelekeo kwa digrii) wa silinda hasi, yaani lenzi ya kusahihisha inayokunja mwanga upande mmoja tu. Ni njia ya haraka, lakini hutoa makadirio tu.

Kwa umaliziaji nachagua lenzi ya Edward Jackson, yenye silinda mbili zilizokingamana, chanya na hasi, mara nyingi za dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 0.25. Hapa ukungu hautakiwi. Mpini hulazwa sambamba na mhimili, lenzi hugeuzwa, mgonjwa huchagua mwonekano ulio safi zaidi; mhimili husogezwa kuelekea alama hasi mpaka mionekano ya pande zote mbili ilingane. Nguvu ya silinda hupimwa baadaye, si kabla, maana mhimili ukikosewa nguvu nayo hupotoka. Na tafadhali: kila unapoongeza silinda hasi kwa 0.50, ongeza 0.25 chanya kwenye lenzi ya tufe, ile yenye nguvu sawa pande zote. Hatua hii husahaulika kwa urahisi mno, na bila hiyo majibu hayaaminiki.

Anayeshindwa kulinganisha pande mbili, hasa mtoto, mrudishe kwenye chati.