King of Tokyo kwa familia ya Moshi: uzoefu wangu na mchezo wa dadu na mazimwi

Mtu anayetafuta mchezo wa mezani utakaowakutanisha mtoto wa miaka minane, kijana wa sekondari asiyeachia simu na baba mdogo aliyezoea karata, ningemshauri aufikirie King of Tokyo kabla ya mingine, mradi nyumba yake iwe na watu wa kutosha. Nasema hivyo baada ya kuucheza katika likizo za Krismasi nyumbani kwetu Kibosho, ambako kila Desemba ndugu hurejea kutoka Dar es Salaam na kwingineko hadi magodoro yanatandikwa sebuleni, na pia baada ya kuucheza na marafiki zangu wa Moshi mjini mwishoni mwa juma, watoto wakiwa hawapo. Makundi hayo mawili huucheza kwa namna tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifundisha mchezo huu unamfaa nani.

Ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani yule yule aliyebuni mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering uliotoka mwaka 1993, ukachapishwa mwaka 2011 na kampuni ya Ufaransa iitwayo IELLO. Toleo nililoletewa na ndugu aliyekuwa akirudi likizo ni lile lililochorwa upya mwaka 2016. Umeandaliwa kwa ajili ya watu 2 hadi 6 wenye umri wa kuanzia miaka 8, na mchuano mmoja huchukua takriban nusu saa. Kila mchezaji huchagua zimwi lake, na hapo ndipo kelele za watoto huanzia, kwa sababu kila mmoja analitaka Cyber Kitty, paka wa mitambo mwenye sura ya ukorofi, au Space Penguin, ambalo mama yangu hulitazama kila mara na kuuliza bata huyo amevaa nini. Sokwe mkubwa aitwaye The King huishia mikononi mwa watu wazima. Ndani ya boksi mna pia dadu sita nyeusi, kubwa kuliko zile za Ludo, dadu mbili za ziada za kijani, kadi 66, na vijiwe vidogo vya kijani vinavyowakilisha nishati.

Kanuni zake hazichoshi. Zamu yako ikifika unarusha dadu sita, unabakiza zile zilizokupendeza, na zilizobaki unaweza kuzirusha tena mara mbili. Kila dadu ina namba 1, 2 na 3, pamoja na alama za ukucha, moyo na radi. Namba tatu zinazofanana hukupa pointi sawa na namba hiyo, na kila dadu ya ziada yenye namba ile ile huongeza pointi 1, kwa hiyo aliyepata dadu nne zenye namba 2 hujiandikia pointi 3. Radi hukupa nishati ya kununulia kadi, moyo hurudisha uhai, ambao huanzia 10 na hauwezi kuzidi hapo, na ukucha hupiga. Mshindi ni yule anayefikisha pointi 20 kwanza, au anayebaki hai peke yake.

Utamu wote umo katika kujua ukucha unampiga nani. Katikati ya meza kuna ubao mdogo wa mji wa Tokyo, na zimwi moja tu ndilo linalokaa humo. Walio nje wanampiga aliye ndani, na aliye ndani akipiga anawapiga wote walio nje kwa mkupuo mmoja. Kuingia hukupa pointi 1, na zamu yako ikikukuta bado umo unapata pointi 2 nyingine, lakini ukiwa ndani mioyo ya dadu haikuponyi. Ukipigwa una haki ya kuondoka, ingawa kipigo kilichokwisha kukupata hakifutiki, na aliyekupiga analazimika kuchukua nafasi yako. Ni ugomvi wa kilabu cha mbege ambamo mtu mmoja amekalia kiti kilicho karibu na pipa, wote wanakitaka kiti hicho, na kila anayefanikiwa kukikalia anagundua kwamba mgongo wake sasa umeelekea chumba kizima.

Kwa hiyo, kila ukucha unapotua, meza nzima humgeukia mtu mmoja kwa swali moja: unatoka au unabaki? Sijaona mchezo mwingine wa familia ambamo uamuzi mmoja mdogo namna hiyo unawahusu watu wote kwa pamoja, hata wale ambao zamu yao bado iko mbali. Katika Ludo mtu anaweza kwenda kuteka maji na kurudi bila kukosa kitu. Katika mchezo huu anayeondoka mezani anaweza kurudi na kukuta uhai wake umepungua nusu.

Uamuzi huo unaweza kupimwa kwa hesabu, na si ajabu, kwani Garfield ana shahada ya uzamivu ya hisabati. Mtu anayewinda kucha tu, akazirusha dadu zake sita mara zote tatu bila kujali kitu kingine, hupata kwa wastani kucha mbili na nusu. Mkiwa wanne na wewe umo Tokyo, wapinzani watatu wakiamua kukuwinda kabla zamu yako haijarudi, utarajie kupoteza uhai wa saba au nane kati ya ule 10 ulioanza nao. Pointi 2 za kukaa ndani zinalipiwa kwa bei hiyo. Nilipomweleza mpwa wangu wa kidato cha pili hesabu hii, aliichukua kwa uzito kiasi kwamba sasa hutoka Tokyo kwa kipigo cha kwanza, huku mdogo wake wa darasa la tatu, asiyejali wastani wa mtu yeyote, hung'ang'ania ndani hadi afe au ashinde. Jambo linalonifurahisha ni kwamba mdogo hashindwi mara nyingi kuliko kaka yake. Dadu husamehe ujinga na kuadhibu busara kwa kiasi cha kutosha kumfanya mtoto akae meza moja na mtu mzima bila kubebwa.

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye meza yetu methali hiyo haikubaliki, kwa kuwa ndugu wanaojuana vizuri ndio wanaomalizana. Kinachobaki ni adabu. Watoto wetu hawawezi kumpiga mkubwa bila kuomba radhi kwanza, kwa hiyo utasikia, "Samahani sana, baba mdogo, ni kucha nne," na baba mdogo atajibu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba, "Marahaba, mwanangu, nakumbuka ada yako nililipa mimi." Shangazi zao hatupati hata samahani.

Yapo mambo mawili niliyolazimika kuyashughulikia kabla mchezo haujakubalika nyumbani. La kwanza lilikuwa dadu zenyewe. Kwa wazee wengi wa kwetu dadu ni kamari, na mama yangu, ambaye ni mwanakwaya wa siku nyingi, alitaka kujua ni fedha ya nani inayowekwa mezani. Nilimkalisha aone mchuano mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Aliridhika alipoona kwamba hakuna kinachochezewa isipokuwa pointi na majigambo, na tangu hapo yeye ndiye hutoa sinia kubwa la wali, nasi tunalitandika kanga ili dadu zisirukie chini ya makochi. Mtu mwenye wazee wa namna hiyo nyumbani asiingize mchezo kwa kificho. Aanze kwa kuwaonyesha.

La pili ni lugha. Dadu na ubao havihitaji kusomwa, lakini kadi zina maelezo, na maelezo ya toleo langu ni ya Kiingereza. Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, anabaki akimtegemea binamu yake wa shule ya mchepuo wa Kiingereza amsomee, na kutoka hapo hadi kudanganyana ni hatua fupi. Nilikata vipande vya karatasi, nikaandika kazi ya kila kadi kwa Kiswahili kifupi na kuvibandika kwa gundi hafifu. Ilinichukua jioni ndefu, na wanaopenda vitu vyao vibaki safi hawatafurahia wazo hilo, lakini bila kazi hiyo nusu ya mchezo ingekuwa mali ya watoto waliosoma Kiingereza tu.

Kusema nusu ya mchezo si kutia chumvi, maana kadi ndizo zinazouokoa usiwe bahati nasibu. Kadi tatu hulala wazi mezani wakati wote, na asiyezipenda anaweza kulipa nishati 2 ili zote ziondolewe na nyingine ziwekwe. Extra Head hugharimu nishati 7 na kukuongezea dadu moja katika kila zamu, jambo ambalo likitokea mapema hubadili mchuano mzima. Jets, ya nishati 5, hukuwezesha kutoka Tokyo bila kuumia na kipigo kilichokutoa. Ipo pia Apartment Building, ambayo kwa nishati 5 hukupa pointi 3 papo hapo. Mtu mwenye pointi 17 na vijiwe vitano mbele yake ni wa kuogopwa kuliko anayepiga kelele ndani ya Tokyo. Dada yangu hushinda kwa njia hiyo, akiwa amekaa pembeni kimya, akikusanya radi huku wanaume wakigombea mji.

Kasoro kubwa ya mchezo ni kutolewa. Uhai wako ukiisha umekwisha, hakuna kurudi, na katika mchuano wa watu sita anayekufa mapema anaweza kuketi dakika ishirini akitazama wenzake. Mkiwa watano au sita nafasi ya pili, Tokyo Bay, hufunguliwa, kwa hiyo mazimwi mawili hupiga kutoka ndani na vifo huja kwa kasi, kisha nafasi hiyo hufungwa wakibaki wanne. Mtu mzima atavumilia. Mtoto aliyetolewa wa kwanza mara mbili mfululizo hatavumilia, na kilio chake kitawafikia majirani. Sisi tumeamua kwamba aliyetolewa anakuwa mtunza benki, anagawa nishati, anafunua kadi na kuamua ubishi wa dadu iliyoegemea ukingo wa sinia. Cheo hicho kimependwa hadi wengine wanakufa kwa makusudi, lakini bado naona kanuni zenyewe zingepaswa kumpa aliyekufa kitu cha kufanya.

Pamoja na marafiki wa mjini hali ni nyingine. Hao ni watu wazima watupu, baadhi yao wakiwa wachezaji hodari wa drafti, na wanapocheza kwa tahadhari kila mmoja hukaa nje akijiponya na kukusanya nishati, hivyo mchuano wa nusu saa huenda saa nzima na kupoteza ladha. Mmoja wao, anayekuja kutoka Arusha na ambaye hapendi kushindwa na kitu asichoweza kukilaumu, amewahi kusema mchezo huu ni kurusha mawe na kuomba dua. Sikubaliani naye kikamilifu, kwa sababu kadi na muda wa kutoka Tokyo vina akili ndani yake, ila nakubali kwamba anayetaka ushindi unaotokana na fikra tupu abaki na bao. Mchezo huu unamtaka mtu aliye tayari kupigwa na kucheka. Tunapoucheza vizuri pale mjini ni usiku ambao tumekula kwanza, ndizi na nyama zimeshuka tumboni, na hakuna mwenye nguvu ya kupanga mkakati.

Kuhusu idadi, wanne na watano ndio kipimo chake. Watatu inakwenda. Watu wawili sishauri kabisa, kwani swali la kutoka au kubaki linakufa pale ambapo kuna mpinzani mmoja tu wa kukupiga, na kinachobaki ni watu wawili kuparuana kwa zamu hadi mmoja aishe. Mume wangu nami tulijaribu usiku mmoja baada ya wageni wa Krismasi kuondoka, na kabla mchuano haujaisha tulikuwa tumekwisha kukubaliana kurudisha boksi kabatini na kutoa karata.