Darasa la meli za kitalii, Moshi: elfu thelathini yangu imerudi

Mimi ni mpagazi wa Kilimanjaro, sasa nasomea uongozaji. Jumamosi nililipa 30,000 kwa darasa la nusu siku kuhusu watalii wa meli, kwenye chumba kimoja karibu na soko la Mbuyuni. Mwalimu ni baharia mstaafu wa Tanga.

Umeme ulikatika saa nne, projekta ikazima. Mzee akachukua chaki. Akaanza na mwaka 1891, Albert Ballin, mkurugenzi wa kampuni ya meli ya Ujerumani, alipoona meli yake Augusta Victoria inakaa bure majira ya baridi, Atlantiki ikichafuka na abiria hawapo. Akaipeleka Mediterania na watalii 241. Wenzake walimwona amepotoka! Kisha ndege za jeti zikawachukua abiria wa Atlantiki, na mwaka 1966 meli ya Sunward ikaanza safari za starehe kutoka Miami.

Kilichonigusa zaidi ni pale alipotutoa barabarani tupime meli kwa hatua. Augusta Victoria haikufika mita 150. Icon of the Seas ya mwaka 2024 ni karibu 365. Tulitembea mpaka tukawapita mama ntilie na mafundi viatu, mzee bado anasema, "Twendeni, wanangu, hatujafika mkiani."

Chumba kina joto kali, viti havitoshi, na chai ilikuja ya baridi. Kwa bei ile wangeongeza hata viti. Mwezi ujao namleta mdogo wangu.