Vyombo vya Kale kwa Meza ya Kuandikia: Tathmini ya Maduka ya Hurumzi na Gizenga

Anayetaka kuipamba meza yake ya kuandikia kwa vitu vya zamani, na yuko Unguja, hana haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Vichochoro vya Mji Mkongwe kati ya Gizenga na Hurumzi vina maduka ya vitu vya kale yaliyokaribiana kiasi kwamba mtu hutoka la kwanza akaingia la pili bila kuonja jua, na kilicho kigumu ni kuchagua tu. Nimeyapitia maduka hayo kwa muda mrefu nikitafuta vitu vya meza ninayofanyia kazi ya kuhariri, na tathmini hii inahusu zaidi duka moja dogo la upande wa Hurumzi, lisilo hata na kibao mlangoni, ambalo kwa maoni yangu linayashinda mengine yote kwa uaminifu wa mwenyewe na kwa aina ya vitu anavyoviweka.

Nianze na vile ambavyo sivipendekezi, kwa sababu ndivyo vinavyotangulizwa mbele karibu kila mahali: dira za merikebu ndani ya visanduku vya mbao, darubini za kukunja, na gramafoni zenye pembe ya shaba inayong'aa kama sufuria mpya. Nyingi ya shaba hizi hutengenezwa India, ambako mji wa Moradabad unajulikana kwa kazi hiyo, kisha huchongwa jina la fundi wa London na mwaka wa karne ya 19. Kitu kipya si kibaya, na dira mpya yaweza kupendeza juu ya meza, lakini muuzaji anayekipa kitu umri wa kubuni ili apandishe bei anamdhulumu mnunuzi na anaudhulumu mji. Mnunuzi na atazame skrubu zake, kwani skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930 na haziwezi kuwamo kwenye chombo cha mwaka 1880 ambacho hakijawahi kufunguliwa. Aje pia na sumaku ndogo, maana sumaku haishiki shaba. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu. Katika duka moja la Gizenga muuzaji alikataa katakata nisiijaribu sumaku yangu kwenye kinara alichokiita cha enzi za Sultani, nami nikamshukuru na kuondoka.

Duka la Hurumzi nalo lina dira mbili tatu za namna hiyo, ila mwenyewe, mzee wa makamo anayekaa kwenye kigoda karibu na kizingiti, huzitaja kuwa ni mpya kabla hujauliza. Nilipomwamkia na kushika kijaluba kimoja cha shaba kilichokuwa rafu ya chini, alisema, "Hicho cha zamani, mwanangu, lakini mfuniko nimeutia mimi, wa asili ulipotea." Sijapata kusikia maneno kama hayo katika duka jingine lolote la mtaa ule.

Rafu hiyo ya chini ndiyo utajiri wa duka. Wageni huipita wakitazama juu, kwenye saa na gramafoni, ilhali huko chini mmewekwa vyombo vya nyumba za Kizanzibari vilivyotengenezwa vitumike na ambavyo vinaweza kutumika tena mezani bila kubadilishwa hata kidogo. Kijaluba kilichokuwa cha chokaa ya tambuu kinatosha vibanio vya karatasi. Tasa dogo la shaba hupokea funguo, vifutio na kalamu fupi. Kuna pia kisanduku kirefu chembamba cha shaba cha kuwekea kalamu za mwanzi, chenye kidau cha wino kilichoungwa ubavuni, cha aina ambayo makarani wa nchi za Kiislamu walikuwa wakiichomeka kiunoni wanapokwenda kazini. Bei yake ilinishinda, lakini nakitaja kwa sababu ni chombo cha mwandishi hasa, na anayekimudu asisite.

Nilichokinunua kwa furaha kubwa zaidi ni marfaa, yaani kile kiweko cha kukunja cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma. Hii ilichongwa kwa ubao mmoja uliopasuliwa katikati na kufumwa kwenye maungio yake, bila msumari wala gundi, ikafunguka na kujifunga kwa mkono mmoja. Mzee alitaka kujua kwanza ninakwenda kuiwekea nini, na nilipomwambia kamusi, aliridhika, akasema kitabu cha elimu kina haki yake. Kamusi nzito ikilala wazi juu ya marfaa, shingo haiinami na uti wa kitabu hauvunjiki. Nililipa shilingi 120,000 baada ya kupatana kidogo, na naona ni bei ya haki kwa kazi ya mkono yenye nakshi pande zote mbili.

Mabweta ya njumu, yaani visanduku vya mbao vilivyopambwa kwa misumari ya shaba, yanahitaji uangalifu zaidi. Bweta dogo la kuwekea barua na hati ni ndugu wa yale makasha makubwa ya arusi, na lililo jema huwa na saraka ndani, wakati mwingine hata saraka ya siri chini ya nyingine. Lifungue, ulinuse: vanishi mpya huarifu haraka kuliko muuzaji. Tazama misumari ya njumu, kwa kuwa iliyopigwa kwa mkono haikai kwa mstari ulionyooka kabisa, na angalia kama mbao imelika pale ambapo vidole hugusa, yaani ukingo wa mfuniko na karibu na tumbuu. Kama kuna vitundu vidogo vinavyomwaga unga mweupe, wadudu bado wamo na watahamia kwenye meza yako. Hata hivyo mafundi seremala wetu bado wanatengeneza mabweta na makasha mapya, na mimi ningependa mtu anunue jipya la fundi wa hapa kwa jina lake la upya kuliko la zamani la uongo.

Sarafu hapo dukani zimewekwa ndani ya bakuli la kioo. Ziko pesa za shaba nyekundu za Sultani Barghash zenye mchoro wa mizani na mwaka 1299 wa Hijria, unaolingana na 1882, na chache kati ya hizo zikipangwa chini ya kioo cha meza hupendeza sana. Ziko pia reale za fedha za Maria Theresa, mtawala wa zamani wa Austria, na hapo lazima nieleze jambo: zote zimeandikwa mwaka 1780, ambao ndio aliofariki malkia huyo, kwa kuwa ziliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule, na mpaka leo zinatengenezwa Vienna. Mwaka ulioandikwa juu yake, basi, hauthibitishi umri. Mzee analijua hilo na anazipima kwa uzito wa fedha tu.

Mashine ya chapa iliyoko pembeni sikuitaka, kwani hewa ya bahari imeshaila. Visu vya kufungulia barua vyenye mpini wa pembe ya ndovu au gamba la ng'amba, nilivyovionyeshwa kwengineko kwa kificho, visinunuliwe hata kwa bei ya bure. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, na mpini wa mpingo unashikika vizuri vilevile.

Kuhusu usafi, shaba ya vyombo vya kutumia inaweza kusuguliwa kwa ndimu au ukwaju kama ilivyosuguliwa daima majumbani kwetu, ikaoshwa na kukaushwa vizuri, hasa wakati wa masika ambapo unyevu huirudishia kutu ya kijani upesi. Sarafu zisisuguliwe kabisa, kwa sababu rangi ya ukongwe ikishaondoka, thamani yake nayo hupungua. Mbao hutosha kitambaa kikavu.

Duka lina kasoro zake. Ndani mna giza, kwa hiyo ni vyema kwenda asubuhi na kuomba kukitoa kitu mlangoni kukitazama. Saa za mezani zisizotembea zinauzwa kwa bei ya zinazotembea, na ufungaji ni wa magazeti tu, hautoshi kwa kitu cha kioo. Lakini ukiomba risiti, mzee huandika kwa mkono kitu ni kipi, kimetoka nyumba ya mtaa gani kama anaujua, na kipande gani kimetengenezwa upya. Anayekusudia kusafirisha kitu kikongwe nje ya nchi aulize kwanza ofisi ya mambo ya kale, na karatasi hiyo aende nayo.