Kisiagi cha mlango wa buluu, soko la Kangemi: unga wa mtoto unaosagwa nafaka moja moja

Kwa miezi minne sasa wimbi la binti yetu nalipeleka kwenye kisiagi kidogo nyuma ya soko la Kangemi, na majirani wameniuliza habari zake mara nyingi hadi nikaona heri niandike. Kisiagi chenyewe hakina jina ukutani. Kina mlango wa mabati uliopakwa buluu, mizani ya kuning'inia, na mama wa makamo anayejifunga leso juu ya koti jeupe lililojaa vumbi la unga. Ukitokea barabara ya Waiyaki unawapita wauza mitumba, unawapita wa ndizi, halafu unafuata mlio wa mota.

Nianze na tulikotoka.

Mke wangu ni muuguzi. Likizo yake ya uzazi ilikuwa miezi 3, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyosema, akarudi zamu mtoto akiwa bado wa maziwa matupu. Alikuwa akikamua kabla ya kutoka, nasi nyumbani tunampa mtoto kwa kikombe, mimi au dada anayetusaidia. Tulivuka miezi 6 namna hiyo, na nilijivunia sana. Shida ilianza siku ya kuanza chakula. Mimi ni fundi wa umeme, saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye stendi ya matatu; mama mtoto akiwa zamu ya usiku, saa hiyo hata hajafika nyumbani. Tulitaka kitu kimoja, kiive haraka, kiwe na kila kitu ndani.

Kwa hiyo tukanunua unga wa mchanganyiko. Pakiti ilikuwa imeandikwa vitu kumi na kimoja: mahindi, wimbi, mtama, mchele, soya, karanga, omena, muhogo mkavu, mbegu za malenge na vingine nimesahau. Niliona tumepata. Wiki ya pili mtoto akaanza kuharisha, usiku tumbo linajaa gesi, analia akikunja miguu. Uji nao ukipoa unakuwa mzito kama ugali, kwa hiyo dada akawa anauongeza maji, anauongeza tena, hadi unateremka kwenye chupa yenye chuchu tuliyoitoboa tundu kubwa. Mtoto alikuwa anamaliza chupa nzima. Tulidhani anakula vizuri.

Kijitabu cha kliniki kilisema vingine. Miezi 7, kilo 7.1. Miezi 8, kilo 7.2. Mstari wake ulikuwa umelala.

Mshauri wa lishe pale kliniki hakutugombeza. Aliuliza maswali mawili tu: unga gani, na uji mzito kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole unavyochuruzika. Akasema, "Baba, mtoto wa kilo saba tumbo lake linabeba kama mililita 200 hivi, kikombe cha chai hakijai. Ninyi mnamjaza maji." Kisha akaeleza habari ya ule mchanganyiko. Soya na maharagwe yanahitaji kuchemka muda mrefu, unga wa mahindi unaiva mapema. Ukivipika pamoja, kimoja kitakuwa kibichi. Omena na karanga zina mafuta, zikisagwa na kukaa dukani zinaanza kuchacha. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo moto wa jikoni hauiondoi. Na mtoto akidhurika, utajua ni kipi kati ya kumi na moja? Akatuambia tutafute unga wa nafaka moja, na vingine vyote tumpe kama chakula kwenye sahani.

Mama mboga wa karibu na geti letu ndiye aliyetuelekeza kwa mlango wa buluu.

Siku ya kwanza nilikwenda na mazoea yangu ya zamani: wimbi gorogoro moja, soya kidogo, na omena nusu kilo kwenye karatasi. Yule mama alifungua karatasi, akaifunga, akanirudishia. "Kijana wangu, omena haiingii kwenye kinu changu. Omena ni mboga. Mpikie mtoto kama mboga, umwondolee kichwa, umpondee." Soya pia aliikataa. Fedha yangu ilikuwa mkononi na hakuitaka. Hapo ndipo niliposema hapa nitarudi.

Halafu akachota wimbi langu kiganjani, akalisugua kwa viganja viwili, akapuliza. Akatia punje chache mdomoni, akatafuna taratibu akiangalia pembeni, kama mtu anayesikiliza. "Lina mchanga." Mimi nilikuwa nimeliosha mara mbili. Alinipeleka kwenye beseni nyuma ya mlango akanionyesha: unamwaga maji mengi, unakoroga kwa mkono, unamimina wimbi pamoja na maji kwenye beseni la pili polepole, na unaacha kile kinachobaki chini. Mara ya nne bado palikuwa na mstari mwembamba wa mchanga mweusi chini ya beseni. Ya sita, hakuna kitu. Wimbi hupurwa chini, punje zake ni ndogo mno, na mchanga wake hauonekani kwa macho. Mtoto wangu alikuwa akila ule mchanga.

Kama huna muda wa kuosha, yeye anauza lililooshwa na kukaushwa, shilingi 180 kilo. Ukileta lako, kusaga ni shilingi 20 kilo. Mimi hununua lake. Nimeshalitafuna mwenyewe kama yeye na sijawahi kusikia mchanga.

Nizungumzie mashine, maana hiyo ni kazi yangu. Visiagi vingi husaga chochote kinacholetwa, mmoja baada ya mwingine, na unga wako wa kwanza huwa umechanganyika na mahindi au karanga za aliyekutangulia. Hapa Jumanne na Ijumaa asubuhi kinasaga wimbi la watoto peke yake. Jioni ya kuamkia siku hizo kinu kinafunguliwa, kichungi kinatolewa na kupigwa brashi, na asubuhi kilo ya kwanza ya wimbi inapitishwa kusafisha njia. Hiyo anawapa kuku. Mkanda wa mota umefunikwa vizuri, waya wa ardhi upo. Niliuangalia kabla hajaniambia bei.

Sasa kimea, ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike.

Pembeni ya mizani kuna mtungi wa plastiki wenye unga wa rangi ya kahawia iliyopauka. Ni wimbi lililolowekwa usiku mmoja, likafunikwa kwa gunia bichi siku mbili tatu hadi likachipua, likakaushwa juani, vijimizizi vikasuguliwa na kupepetwa, ndipo likasagwa. Anauza kikombe cha robo kilo kwa shilingi 80. Nilimuuliza mbona hatumii mtama, ambao ni rahisi zaidi. Akasema mtama ukichipua, chipukizi zake zina sumu. Kwa mtoto hataki kubahatisha. Nilimuuliza mke wangu usiku huo, akasema ni kweli, ni sianidi.

Jumamosi hiyo nilipika kama alivyonielekeza. Uji wa wimbi mzito kabisa, mwiko ukisimama peke yake kwenye sufuria. Niliuepua ukapoa hadi kidole kinavumilia. Nikatia kijiko kimoja cha chai cha kimea, nikakoroga. Kwa muda mdogo hakuna kitu. Kisha mwiko ukaanza kuinama. Ukalala kwenye ukingo wa sufuria. Nikaendelea kukoroga, na ule uji uliokuwa bonge ukalegea, ukang'aa, ukaanza kutiririka kutoka kwenye mwiko kama asali. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema, "Baba, umetia maji?" Sikuwa nimetia hata tone.

Kinachotokea ni kwamba nafaka ikichipua hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga ili kumlisha mmea mchanga. Ukikitia kwenye uji, kinakata ule wanga uliovimba na kushika maji. Unga ni uleule, nguvu ni zilezile, ila sasa mtoto anaweza kumeza. Kikombe kimoja cha uji huu kina unga karibu maradufu ya ule tuliokuwa tukimpa kwenye chupa. Kuchipua pia kunapunguza vile vitu kwenye nafaka vinavyozuia mwili kuchukua madini ya chuma. Usitie kimea uji ukiwa unatokota, moto mkali unakiua na hutaona chochote. Na ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena vizuri, kwa sababu kimea ni unga mbichi uliokaa na unyevu siku kadhaa na wadudu wa tumbo hupenda mahali kama hapo. Hatua hiyo ya mwisho msiiruke.

Chupa tuliitupa. Tunamlisha kwa kijiko na kikombe.

Haraka tuliyokuwa tunaitafuta tumeipata, japo kwa njia nyingine. Jumapili napika ndengu na maharagwe, naponda, nagawa kwenye vikopo vidogo na kugandisha. Asubuhi ni uji na ndizi iliyopondwa au parachichi. Mchana dada anachukua kikopo kimoja, anachemsha na kiazi kitamu au malenge na terere iliyokatwa ndogo, na robo ya chungwa baadaye, maana vitamini C inasaidia chuma cha ndengu kuingia mwilini. Maini mara moja kwa wiki. Hakuna chumvi, hakuna sukari, wala asali hadi atimize mwaka. Chai ya maziwa nimeipiga marufuku kabisa, hata shosho yake akija. Chai inazuia chuma, na watoto wetu wengi wa Nairobi wanakunywa chai na mkate wakiwa hawajaota meno ya nyuma. Hilo linaniuma kila ninapoliona. Mama bado ananyonyesha, na tunakusudia afike miaka miwili.

Kuhusu kisiagi, kuna mambo siyapendi na nimemwambia mwenyewe.

Unga hauandikwi tarehe. Unatiwa kwenye karatasi ya kaki na kufungwa uzi, basi. Unga mkavu wa wimbi unakaa vizuri, lakini kimea kinashika unyevu upesi. Mwezi wa pili nilinunua kilichokuwa na harufu ya uvundo. Nilikirudisha akanibadilishia bila neno, lakini mzazi ambaye hajui harufu yake angekitumia. Sasa nakinunua kidogo kidogo, kikombe kimoja kwa wiki mbili, na nakiweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Kalamu na kipande cha karatasi vingemaliza jambo hili.

Foleni ya Ijumaa ni ndefu mno kuanzia saa tatu. Mahali pa kukaa ni benchi moja, na kina mama wenye watoto mgongoni wanasimama kwenye vumbi la unga. Watoto wanakohoa. Ningependa kuona turubai na benchi la pili upande wa nje, mbali na mdomo wa kinu. Umeme ukipotea kazi inasimama. Hana jenereta, wala simlaumu kwa bei ya mafuta ilivyo, ila inamaanisha unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Halafu yeye ni mkali. Mteja mmoja alitaka kusagiwa mahindi yaliyokuwa na madoa ya kijani kwenye kiini. Yule mama aliyarudisha mbele ya watu wote, kwa sauti. Yule mteja aliondoka amekasirika. Mimi naona alikuwa sahihi kuyakataa, lakini angemwita pembeni. Mtu akiaibishwa anaenda kusaga kwingine, na mtoto anakula yaleyale mahindi.

Kwa wanaouliza kama gharama inafaa: kwetu kilo mbili za wimbi na vikombe viwili vya kimea vinatosha mwezi, yaani shilingi 520. Pakiti ya ule mchanganyiko ilikuwa 350, na tulikuwa tukimaliza tatu.

Miezi 9 alikuwa kilo 7.9. Wiki iliyopita, miezi 12, kilo 9. Mke wangu alipiga picha ya mstari kwenye kijitabu akanitumia nikiwa juu ya ngazi Westlands.

Nenda Jumanne kabla ya saa mbili na nusu. Beba chombo chako chenye kifuniko, na umwombe kimea cha wiki hiyo, ukinuse kabla ya kulipa, hachukii. Jumapili amefunga.