Sony PD170 mikononi mwangu: mkanda unachosha, gizani sina wasiwasi

PD170 yangu, kamera ya video inayorekodi kwenye mkanda, niliinunua ikiwa imeshatumika, wakati wenzangu karibu wote wameshahamia HD, yaani video ya picha kali zaidi. Mmoja alinicheka waziwazi: "Mkanda? Hadi leo?" Sikumjibu. Wiki hiyohiyo tulikutana kwenye harusi moja, yeye upande wa bwana harusi, mimi upande wa bibi. Maharusi walipoingia, taa zikazimwa, ikabaki mishumaa. Kioo cha kamera yake kilijaa chenga. Changu kilionyesha nyuso.

Sababu haina uchawi. Ndani mna vihisi vitatu vya CCD (aina ya vipande vinavyopokea mwanga na kuugeuza picha) vya inchi 1/3, kimoja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu. Picha ya SD, ile ya kawaida ya kabla ya HD, ni pikseli 720 kwa 576 tu, au 720 kwa 480 kwa wanaotumia NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani), kwa hiyo kila nukta ya kihisi ni pana na inakusanya mwanga mwingi kuliko nukta zilizobanana kwenye kihisi cha HD cha ukubwa huohuo na cha enzi hiyohiyo. Maelezo ya kamera yanataja luksi 1, kipimo cha mwanga mdogo kabisa inaoweza kupigia picha. Huo ni mwanga hafifu sana, na ukifika huko umeshapandisha geini (kuikuza picha kwa umeme) hadi dB 18, chenga zimeanza kucheza. Mimi huishia dB 9, nikibanwa sana 12, na sijawahi kuona aibu kumkabidhi mteja kazi hiyo.

Kingine nilichokuja kukipenda ni namna inavyopokea flashi za wapiga picha. Kamera nyingi za CMOS, aina nyingine ya kihisi, husoma picha mstari baada ya mstari, hivyo flashi ikiwaka unaona kipande cha juu cheupe na cha chini cha kawaida, kama picha iliyokatwa kwa mkasi. CCD hizi hunasa yote kwa mpigo: picha nzima inang'aa, kisha inarudi. Adhabu yake ni taa kali. Ukiielekeza kamera kwenye taa ya gari usiku, mstari mweupe unasimama wima kutoka juu hadi chini ya picha, na hakuna programu ya kuhariri itakayokuondolea.

Sauti nayo ni sababu ya kuichagua hii badala ya ndugu yake VX2100. Ina matundu mawili ya XLR (plagi za maikrofoni za kitaalamu) yenye umeme wa volti 48 kwa maikrofoni zinazouhitaji, kwa hiyo chaneli moja naipa mhubiri au mshereheshaji na nyingine naiachia ukumbi. Sauti ya kila chaneli naipandisha na kuishusha mwenyewe.

Lenzi inavuta mara 12, inanitosha. Ila upande wa upana imebana; kwenye chumba kidogo utagonga ukuta kwa mgongo. Ilipouzwa mpya ilikuja na lenzi ya kupanua, na wauzaji wa mitumba hupenda kuitoa waiuze peke yake. Idai.

Sasa mkanda. Mkanda wa DV wa dakika 60 ukirekodi kwa DVCAM, mfumo wa kitaalamu wa Sony, unakupa dakika 40, kwa sababu unakimbia kasi zaidi. Kuuhamishia kwenye kompyuta ni kungoja: dakika 40 za mkanda ni dakika 40 za kukaa, na saa nzima ya video inakula takriban GB 13. Isitoshe, kompyuta mpya hazina tundu la FireWire la kuunganishia kamera hii, kwa hiyo ninayo moja ya zamani ninayoitunza kama mgonjwa. Kuna siku nilibana matumizi nikachanganya kanda za aina tatu kwenye shughuli moja. Nilipozicheza, hotuba ya baba wa bibi harusi ilikuwa vijisanduku vitupu. Vichwa vinavyoandika na kusoma mkanda vilikuwa vichafu, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo natumia aina moja tu, na kanda ya kusafishia haitoki mkobani.

Na 16:9 yake, ile picha pana ya televisheni za sasa, nisiisifie. Vihisi vyake ni vya 4:3, umbo la televisheni za zamani, hiyo pana inapatikana kwa kupoteza mistari ya juu na chini. Mteja mwenye televisheni kubwa nyumbani namweleza mapema, na wengine huenda kwa yule aliyenicheka.

Ukitaka kuinunua iliyotumika, usidanganywe na mng'aro wa bodi. Ingia kwenye menyu utafute kihesabu saa: kinaonyesha kamera imewaka saa ngapi na ngoma ya vichwa imezunguka saa ngapi. Kabla ya hii yangu nilionyeshwa nyingine safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Ngoma yake ilikuwa imepita saa elfu mbili. Nilimrudishia mwenyewe, nikamwomba anionyeshe ile iliyochubuka pembeni yake.