Begi la mgongoni ama mkoba wa begani ukitoka na mtoto?

Wamama wenzangu hili swali haliishi, wacha niseme nnavyoona. Ukivuka feri Likoni hapa Mombasa na mtoto kifuani, begi la mgongoni halina mpinzani, mikono yote iko huru na uzito unagawanyika mabega mawili, ila kule kwa msongamano hulioni kabisa, mtu aweza fungua zipu nyuma yako na usijue, kwa hivyo simu na pesa zisikae humo.

Mkoba raha yake ni kwa matatu ama tuktuk, umeupakata wafungua tu, pampers hii hapa, waipsi hizi hapa, leso ya kumlazia hii hapa. Shida ukijaa bega moja ndo laumia, na ukiinama kumshika mtoto washuka mpaka kwa mkono.

Bei, mkoba hata ule uko nao nyumbani watosha, la mgongoni lenye mifuko mingi mara nyingi ni ghali zaidi. Usafi, lolote lile tafuta lenye bitana ya kupanguza, joto letu na maziwa yakimwagika ni uvundo siku hiyo hiyo. Yule wa maziwa ya kopo abebe maji moto kwa themosi na unga kando, ukishakoroga yasipite masaa 2. Nepi chafu itie kimfuko cha zipu kinachofulika, juala za plastiki si zilipigwa marufuku Kenya tangu 2017.

Mwenye mapacha ama wa kutembea sana, la mgongoni. Wa kliniki na kurudi kwa tuktuk, mkoba.