Viazi vya nazi vya futari pale Ngamiani

Jana nimepita Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa mama mmoja anauza futari jioni, nikachukua viazi vitamu vya nazi na kipande cha samaki, jamani tui lile zito, nazi ya kukuna kwa mbuzi sio ya pakiti, limeshika kiazi mpaka ndani na iliki inanukia kwa mbali, sukari hajatia na ndo inavyotakiwa maana kiazi chenyewe kitamu tayari. Kachanganya na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vitamini A vinayo kweli ila vinavurugika upesi, mi napenda vyeupe vya unga. Foleni sasa! Ukichelewa mpaka adhana unakuta sufuria tupu. Na bebeni bakuli, mifuko yake inavuja, kanzu yangu shahidi.